Kabla hujauliza bei ya hema la juu ya gari, pima paa la gari lako (uzi wa watu wa Arusha na Moshi)

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Tangu mwezi wa sita kila nikisimama sheli mtu ananifuata kuuliza: "Kaka, hilo hema umelipata wapi, na ni shilingi ngapi?" Nawajibu, ila moyoni najua swali hilo limekuja mapema mno. Mimi nililiuliza hivyo hivyo, nikapewa bei, nikanunua, nikajuta. Ndiyo maana leo nimekaa chini kuandika yote ninayoyajua, mwingine asipite nilipopita mimi.

Nianze na kisa chenyewe. Gari langu ni RAV4, ile tunayoiita Miss Tanzania. Tupo mimi, mke wangu na mtoto wa miaka 5. Duka moja hapa mjini liliniuzia hema la watu watatu, la kanvasi, kilo 68. Niliuliza kama gari langu litalibeba. Nikaambiwa linakaa gari lolote lenye keria. Keria nilikuwa nayo, ile ya vyuma viwili vya kukatiza, niliyoinunua kwa ajili ya kubebea mabegi ya kwenda nyumbani Krismasi. Wakalifunga siku hiyo hiyo.

Jumamosi yake tukaelekea Natron. Hadi Engaruka tulikwenda salama. Mbele ya pale barabara ikawa bati tupu, gari linatetemeka mpaka meno yanagongana, nikaanza kusikia kitu kinagonga juu. Nikasimama. Hema lilikuwa limerudi nyuma karibu shubiri nzima, mguu mmoja wa keria umepinda, na bodi pale reli inaposhikilia imebonyea. Mke wangu alimshusha mtoto wakakaa chini ya mgunga, mimi nikapanda juu kufunga kwa kamba ya manila. Tukageuza, tukarudi Mto wa Mbu taratibu sana, tumenyamaza wote.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikifikiria lami ya Makuyuni, spidi 80, na bodaboda nyuma yangu amebeba abiria.

Sasa nieleze kilichokosewa, maana ndicho kiini cha uzi huu.

Kila gari lina kiwango cha uzito ambacho paa lake linaruhusiwa kubeba likiwa linatembea. Kipo kwenye kitabu cha gari. Magari yetu mengi yametoka Japani na vitabu vyake ni vya Kijapani, kwa hiyo watu hawavifungui kabisa. Fungua. Piga picha kurasa za keria na mizigo kwa simu, programu ya kutafsiri itakusomea, na tarakimu ya kilo utaiona hata bila tafsiri. Gari nyingi za familia utakuta kati ya kilo 75 na 100. Suzuki Jimny ya umbo jipya ni kilo 30 tu, kwa hiyo mwenye Jimny asahau hema zito la juu, atafute njia nyingine.

Na kiwango hicho kinahesabu KILA KITU kilicho juu ya paa, keria ikiwemo. Hapo ndipo wengi tunapoumia. Keria ya chuma iliyochomelewa mtaani inafika kilo 30 kirahisi. Weka hema la kilo 68 juu yake, una kilo 98 kabla hujaongeza jembe, dumu la maji na tairi ya spea.

Watu wananiuliza: sasa mbona usiku mnalala watu watatu juu yake na paa halibonyei? Jibu ni kwamba gari likiwa limesimama, uzito unashuka kwenye nguzo za mlango na kutulia. Gari likitembea, zile kilo 68 hazitulii. Ukiingia shimoni zinarushwa juu kisha zinatua. Ukikanyaga breki zinataka kwenda mbele. Ukikata kona zinalivuta gari upande. Nguvu inayoingia kwenye miguu ya keria wakati huo ni kubwa kuliko uzito wa hema lenyewe mara kadhaa. Bolti nne ndogo ndizo zinazopambana na hayo yote, kilomita baada ya kilomita.

Kwa hiyo mpangilio wa kununua, kwa maoni yangu, ni huu: kwanza kilo za paa, pili keria, tatu watu watakaolala, na hema ndilo la mwisho. Duka litakutaka uanze na hema kwa sababu ndilo lililopo dukani.

Mimi mwishowe nililiuza lile la kilo 68 kwa mwenye Land Cruiser mkonga. Paa lake lina mfereji wa maji pande zote mbili, kwa hiyo keria yake inakaa juu ya miguu mingi na uzito unagawanyika kwa urefu wote wa gari. Kwake hema hilo limekaa kama limezaliwa pale. Nikanunua dogo la mtumba, kilo 46, upana wa mita 1 na sentimita 20, kutoka kwa mtu aliyekuwa anakodisha magari kwa wageni. Keria nikaweka ya aluminiamu. Jumla sasa nina kilo 61 juu.

Kuhusu aina. Kuna yale ya kukunjua, unafungua kama kitabu na nusu moja inaning'inia nje ya gari ikishikiliwa na ngazi. Na kuna yale ya boksi gumu, unafungua kufuli mbili na mfuniko unanyanyuka wenyewe. Boksi gumu linafunguka ndani ya dakika moja, halipigi kelele kwenye upepo, na ukilifunga linakata upepo vizuri barabarani. Ila ni zito, mengi yanazidi kilo 60, bei yake ni ya juu sana, na likipasuka mfuniko huku kwetu utahangaika kupata wa kuliziba. La kukunjua lina kazi zaidi asubuhi, hasa likiwa na umande, lakini fundi yeyote wa kushona viti vya magari pale mtaa wa Unga Limited atalishona likichanika. Kwangu hilo lina maana kubwa kuliko dakika tano za kukunja.

Kitambaa ndicho usichopaswa kukibania hela. Chagua kanvasi yenye pamba ndani yake, siyo nailoni tupu. Ishike kwa vidole, iangalie dhidi ya mwanga: nzuri ina vimraba vya nyuzi nene ambavyo vikipata tundu, mchaniko haukimbii. Kanvasi inapumua. Watu wawili wakilala usiku kucha wanatoa pumzi yenye maji mengi kuliko unavyodhani. Kwenye nailoni maji hayo yanajikusanya kwenye dari na kukudondokea saa kumi alfajiri.

Na ukipata kanvasi mpya, usiende nayo mbugani moja kwa moja. Ifungue nyumbani, imwagie maji kwa mpira mpaka ilowe kabisa, iache ikauke juani, rudia mara mbili au tatu. Nyuzi za pamba zinavimba na kuziba matundu ya sindano. Usipofanya hivyo, mvua ya kwanza itavuja kwenye mishono na utalaumu hema bure.

Rangi nayo, na hili sijaona muuzaji akilisema. Sisi watu wa Tarangire tunajua mbung'o. Mitego ya mbung'o inashonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi kwa sababu rangi hizo zinawavuta. Hema la bluu iliyokolea au jeusi ni kuwaita. Chukua kaki, kijani kibichi kilichopauka, au rangi ya mchanga.

Nakaribisha maswali. Nitajibu nikitoka kazini.

Dereva wa safari, Sakina

Mleta uzi, umeongea ukweli mtupu, pokea maua yako. Niongeze mawili matatu, niko kwenye kazi hii mwaka wa kumi na nne.

La kwanza, wenye zile Land Cruiser zilizorefushwa zenye paa la kunyanyuka la kuangalia wanyama: hema la juu haliendi pale. Paa lile linashikiliwa na vyuma vyembamba, halikutengenezwa kubeba mtu. Nimeona mtu akijaribu. Usijaribu.

La pili, baridi. Watu wa Moshi mnatoka mita mia nane na kitu, mnafika ukingoni mwa Ngorongoro, kambi ya Simba, mko zaidi ya mita 2,200. Hesabu ya haraka ni kwamba kila ukipanda mita 1,000 unapoteza kama nyuzi 6 na nusu za joto, na mwezi wa saba pale juu wingu linashuka linakaa na nyie. Hema la juu lina ubaridi wake wa pekee: upepo unapita chini yako pia. Chini ya godoro la sponji la sentimita 5 kuna ubao, na chini ya ubao ni hewa ya ukingo wa kreta. Blanketi mbili za juu hazitoshi, weka moja CHINI ya mgongo. Wageni wangu nawawekea blanketi la Kimasai juu ya godoro kabla ya shuka, na wanalala.

La tatu, unyevu wa chini ya godoro. Joto lako likikutana na ubao wa baridi, maji yanajikusanya hapo. Ukikunja hema asubuhi na godoro limelowa, ukalifungua wiki ijayo, utakuta kuvu nyeusi na harufu haitoki tena. Tandika mkeka wa plastiki ule wa soko la Kilombero kati ya ubao na godoro, hewa ipite. Na madirisha mawili ya kupishana yawe wazi kidogo hata kukiwa na baridi. Najua haipendezi masikioni, ila ndivyo ilivyo.

Mama wa wawili, Njiro

Habari zenu kaka zangu. Nimesoma yote na nimefaidika. Mimi nina watoto wawili, wa miaka 3 na wa miaka 7, na mume wangu ameshaanza kuweka hela ya hema la juu. Gari ni X-Trail. Ninachoogopa ni ngazi. Mtoto wangu mdogo usiku anaamka kujisaidia mara mbili. Nitafanyaje huko Seronera, Serengeti? Nishuke naye gizani?

Mleta uzi

Dada yangu, asante kwa kuuliza hili wazi, wengi wanaliogopa kimya kimya.

Usishuke naye. Kambi za wazi za Serengeti na Ngorongoro hazina uzio, fisi anapita katikati ya magari kila usiku na simba hupita pia. Sisi tuna ndoo ndogo yenye mfuniko wa kubana, inakaa miguuni kwenye kona ya hema, na karatasi pembeni. Mtoto anazoea usiku wa kwanza tu. Watu wazima wanajificha kidogo, lakini nao wanazoea. Kabla ya kupanda kulala wote tunakwenda msalani pamoja na tochi, tukimulika pande zote, na baada ya hapo ngazi haitumiki mpaka kupambazuke.

Ngazi yenyewe: isimame kwa mshazari, isiwe wima kama ya kisima, na mguu wake ukae kwenye ardhi ngumu. Ile ya kwangu nimeifunga mpira wa tairi ya baiskeli kwenye kila kidaraja ili isiteleze kwa umande. Mtoto wa miaka 3 lazima mzazi mmoja awe chini na mwingine juu. Mlango wa hema uwe na zipu ambayo yeye hawezi kuifikia.

Ila nikuambie bila kuficha: watu wanne kwenye hema moja la juu la X-Trail, sidhani. Hema la kuwatosha litakuwa na upana wa mita 1 na 60 au zaidi na uzito wake utalishinda paa. Familia mbili ninazozifahamu za ukubwa wenu zinafanya hivi: mama na wadogo wanalala juu kwenye hema dogo, baba analala ndani ya gari, viti vya nyuma vimelazwa. Gari moja, vyumba viwili, na paa halijaonewa.

Kabla hamjatumia hela yote hiyo, kodini gari lenye hema juu kwa usiku mmoja. Arusha wapo wengi wanaokodisha. Nendeni karibu tu, Momella kwenye hifadhi ya Arusha, au Ziwa Chala. Usiku huo mmoja utawapa majibu ambayo mimi siwezi kuwapa hapa.

Mama wa wawili, Njiro

Hilo la baba kulala ndani ya gari sikuwahi kulifikiria. Nimemsomea mwenyewe hapa, amekubali bila ubishi. Asante sana kaka, Mungu akubariki.

Mlala chini

Naomba nitoe maoni tofauti, kwa heshima. Nimelala kwenye hema la chini Serengeti, Mkomazi, Tarangire, miaka mingi, sijawahi kuguswa. Hema la chini la laki mbili linafanya kazi ile ile. Mnyama kwa kawaida haingii kwenye hema lililofungwa zipu na lisilo na chakula ndani. Kinachowaokoa wenye hema la juu ni kule kufungwa, siyo urefu. Chui anapanda mti, atashindwa kupanda boneti?

Halafu kuna jambo ambalo mleta uzi amelipita. Ukiwa na hema la juu, hema ndiyo gari. Unataka kuwahi simba saa kumi na mbili asubuhi, inabidi ukunje nyumba yako yote kwanza. Mimi naacha hema langu limesimama, napiga gia naondoka, narudi saa nne chai inanisubiri.

Mleta uzi

Mkuu, umesema kweli, na hilo la asubuhi ni pigo halisi. Nimelikosa windo la duma pale Seronera kwa sababu nilikuwa nahangaika na kava lililolowa umande. Siku hizi tukiwa na siku moja ya kuzunguka tu, tunakunja hema mara tu kukipambazuka, mtoto anamalizia kulala kwenye kiti. Na tukiondoka kambini tunaacha meza na viti viwili pale tulipokuwa, kambi za umma zinajaa mwezi wa saba na wa nane na mwingine atadhani nafasi iko wazi.

Hata mimi sisemi kila mtu anunue. Mwenye safari mbili kwa mwaka na uwanja tambarare, hema la chini linamtosha na hela iliyobaki ikalipie kiingilio. Ninachokipenda kwenye la juu ni kwingine. Tunalala Longido, kesho Natron, keshokutwa Loliondo, kila jioni mahali papya, mara mawe, mara mchanga, mara matope ya vuli. Hema la chini kila siku unatafuta pa kupigilia vigingi, unaondoa mawe, maji yakitiririka usiku yanakukuta. La juu nasimamisha gari, nafungua, nalala kwenye godoro ambalo halijatolewa mahali pake.

Kuhusu chakula nakuunga mkono kwa nguvu zote. Hakuna tunda hemani, hakuna tunda juu ya keria. Tembo ananusa chungwa kutoka mbali na akilitaka atalifuata lilipo, hata kama ni ndani ya gari. Tumbili na nyani ndiyo wabaya zaidi mchana: wanajua zipu ni nini.

Fundi keria, Unga Limited

Nasoma hapa kimya, acha niseme ya kwetu mafundi.

Nyinyi wateja mnakuja na hema limeshalipiwa mnasema "fundi, lifunge hapo". Tunalifunga kwa sababu ukikataa wewe atalifunga jirani. Hilo linatuuma baadhi yetu. Leteni gari kwanza.

Umbali kati ya chuma cha mbele na cha nyuma ndio unaoua. Hema lina urefu wa mita na ushee likiwa limekunjwa, vyuma vyako vimeachana sentimita 60, unategemea nini? Hema linacheza kama bembea. Achanisha angalau sentimita 80, mita moja ikiwezekana, na kwa gari refu weka vyuma vitatu.

Bolti nyingi za haya mahema ni za spana namba 13. Tumia za chuma kisichoshika kutu na nati zenye plastiki ndani, zile hazilegei kwa kutetemeka. Wosha pana chini. Ukimaliza kufunga endesha kilomita 100, simama, kaza tena. Ukitoka kwenye barabara ya bati, kaza tena. Spana namba 13 ikae mlangoni kwa dereva, siyo chini ya mizigo. Bolti zikilegea, mwizi na mtetemo wote wanazipenda, kwa hiyo mbili kati ya nane za hema weka za kichwa cha kufuli.

Na tafadhali, asije mtu kuniomba nitoboe paa. Tundu kwenye paa ni kutu, na kutu kwenye paa haimalizwi na rangi. Kuna miguu ya kushika mfereji, ya kushika reli, ya kushika ukingo wa mlango. Kila gari lina ya kwake, itafutwe.

Dereva wa safari, Sakina

Fundi umenikumbusha. Kabla ya kutoka getini pima urefu mpya wa gari lako kutoka chini hadi juu ya kava, uandike kwenye karatasi ubandike juu ya usukani. Kibanda cha kuegesha cha nyumbani ulichojenga kwa RAV4 sasa hakitoshi. Matawi ya mbuga nayo yanachana kava, hasa migunga ya Tarangire kando ya mto.

Kijana wa Namanga

Kwa wanaotaka mapya: mengi ya kanvasi nzito yanatoka Afrika Kusini. Wenzetu wale wamezoea safari za siku nyingi kwenye vumbi, kampuni kama Eezi-Awn na Howling Moon zimejenga jina kwa hilo. Wazo lenyewe la zamani, Waitaliano walianza kuuza mahema ya juu ya gari mwaka 1958. Nairobi pia yapo, ya kushonwa huko huko na ya kuagizwa.

Ushauri wangu, ukivusha hapa kwetu, lipa ushuru wako na VAT ya asilimia 18 kihalali, risiti uitunze. Hema ni kitu kikubwa, haliwezi kufichwa, na ukikamatwa unalipa zaidi ya ulichokuwa unakikwepa. Piga hesabu ya bei ikiwa imeshafika nyumbani, siyo bei ya dukani Johannesburg. Ukimaliza hesabu hiyo utaelewa kwa nini mleta uzi alichukua la mtumba.

Mtu wa Kibosho

Wakuu, kuna matumizi hamjayataja. Mnajua Desemba kwetu uchagani ilivyo. Ukoo mzima unapanda kutoka Dar, Mwanza, Nairobi, nyumba ya mama ina vyumba vinne na watu ishirini na sita. Miaka yote mimi na mke wangu tulikuwa tunalala sebuleni, watoto wa ndugu wakitupita kichwani.

Mwaka juzi niliegesha Prado pembeni ya migomba, nikafungua hema. Mama yangu ana miaka 74, alikuja na kikapu cha ndizi mkononi, akalizunguka mara mbili, akauliza, "Hapo juu hamtaanguka?" Usiku wa tatu wajukuu wote walikuwa wanapanga zamu ya kulala juu. Asubuhi wingu likifunguka unaona Kibo kutoka kitandani kupitia dirisha la wavu. Sikuwahi kuuona mlima wa kwetu hivyo.

Swali langu kwa mleta uzi: unalihifadhije miezi ambayo hulitumii? Masika ya Kibosho siyo mchezo.

Mleta uzi

Mkuu wa Kibosho, umenigusa. Nami nyumbani ni Machame, Desemba hii nitafanya hivyo.

Kuhifadhi: usiliache juu ya gari Machi mpaka Mei kama halina kazi. Linakula mafuta. Gari langu lilikuwa linakwenda kilomita 10 kwa lita, likiwa na hema juu linashuka mpaka 8 na kidogo. Na jua la miezi yote hiyo linakausha kava na kulifanya lipasuke. Mimi nimefunga kapi na kamba nne kwenye mbao za dari ya banda, nalinyanyua kutoka kwenye keria bila kumwita mtu. Wawili wanaweza kulishusha kwa mikono, kilo 46 siyo nyingi.

Kabla ya kulifunga kwa muda mrefu lazima likauke kabisa, kabisa. Likunje jua likiwa kali, saa nane mchana, siyo jioni. Godoro litoke nje lisimamishwe ukutani. Zipu zipigwe mswaki zitoke vumbi, zipakwe mshumaa. Vumbi la Natron lina magadi, ukiliacha kwenye zipu linaila. Hiyo nimejifunza kwa kubadilisha zipu mbili.

Kama kuvu imeshaanza, siki na maji vuguvugu, brashi laini, kisha jua. Msitumie dawa ya kuondoa madoa, inaua kinga ya maji ya kanvasi.

Mama wa wawili, Njiro

Kaka, tumekodi. Ijumaa tunakwenda Momella usiku mmoja. Kuna kitu cha mwisho nisichokijua?

Mleta uzi

Dada, hongereni sana.

Egesheni pakiwa tambarare, gari lisilale upande. Kama pana mteremko kidogo, ingizeni jiwe bapa au kipande cha ubao chini ya matairi ya upande wa chini, na vichwa vyenu viwe upande wa juu. Gia iwe imeingia, breki ya mkono, na jiwe nyuma ya tairi. Angalieni upepo unatoka wapi kabla ya kufungua, mlango uupe mgongo. Fungueni hema jua likiwa bado lipo, mara ya kwanza mtatumia nusu saa, na gizani mtatumia saa nzima na watoto wanalia njaa.

Blanketi moja chini ya mgongo, kama alivyosema dereva wa Sakina. Ndoo msiisahau.

Mama wa wawili, Njiro

Tumerudi jana. Mdogo aliamka mara moja tu, akatumia ndoo, akalala. Saa kumi na moja alfajiri mbega walianza kulia juu ya miti, mkubwa akafungua dirisha la wavu akakaa kimya nusu saa nzima anawatazama. Sijawahi kumwona akikaa kimya nusu saa.

Mume wangu alilala vizuri ndani ya gari. Jumatatu anapeleka X-Trail kwa fundi wa Unga Limited, kupima paa. Hema bado hatujanunua.